Chupa Iliyobaki Nusu

Siku ile nilipoingia hospitali kule Njombe kichwa changu kilikuwa kimesukwa upande mmoja tu. Kulia mistari mitano imenyooka kama matuta ya viazi, kushoto nywele zimesimama kama zimeona chui. Nilikuwa nimefunga kitambaa, lakini kitambaa na upepo wa kwenye lori havipatani. Nikafika kwenye benchi la wagonjwa kimeshateleza, wanawake wakaniona.

"Mama, msusi amekukimbia?" mmoja akaniuliza.

"Hajanikimbia, amepumzika," nikamjibu, wakacheka na mimi nikacheka. Mimi kicheko hakijawahi kunipita, hata nikiwa na hofu. Siku ile hofu ilikuwa imeamka nami tangu alfajiri.

Msusi wangu alikuwa mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa kwanza. Miaka tisa, darasa la tatu, maneno mengi kuliko mimi, na mimi mnanijua. Mama yake ameolewa Matamba huko Makete, na wakati huo ndiyo kwanza alikuwa amejifungua mtoto mwingine. Kwa hiyo mtoto alipougua akakaa kwangu, Kitandililo, kwa sababu kwangu barabara ya lami iko karibu.

Ulikuwa uvimbe pajani. Mwanzo tulisema amejigonga, watoto wanajigonga. Tukakanda na maji ya moto. Uvimbe ukakua ukawa kama kiazi, halafu kama viazi viwili. Tukazunguka hospitali, hii inatutuma ile, ile inatutuma mbali zaidi, mpaka madaktari wakubwa wakasema uvimbe umeshatembea, umefika kifuani, hakuna la kukata tena. Nikauliza, basi mtanipa nini? Daktari akasema, "Tutampa dawa ya maumivu, mama. Mkae naye nyumbani, asiumie."

Asiumie. Hilo neno nikalibeba. Nikajisemea, kumponya nimeshindwa, wala si mimi tu, na wenye makoti meupe wameshindwa. Lakini kuumia, hapana. Hiyo ni kazi yangu, nitaiweza.

Ilikuwa ile miaka biashara imefunguliwa, foleni za sukari tumeshazisahau. Pale njia panda Makambako ungepata redio, saa, mashati ya mitumba, viatu vya kila nchi. Vidonge vya kichwa ungevinunua hata kwa muuza sigara. Lakini dawa ya mjukuu wangu haikuwepo njia panda. Ilikuwa Njombe, kabatini, chini ya kufuli mbili, na funguo anazo muuguzi mmoja tu. Akiwa likizo, dawa nayo iko likizo.

Muuguzi huyo alikuwa binti wa Kipangwa, mpole, sauti ya chini. Akanipa chupa ya dawa ya maji, na bomba la plastiki lile la sindano, ila halina sindano. Lina mistari na namba.

"Mama, mpaka mstari wa tano. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku unampa mara mbili ili alale. Usisubiri alie. Hata kama anacheka, saa ikifika unampa."

"Ndiyo."

"Chupa ni ya siku saba. Siku ya nane njoo nayo hiyo hiyo nikupe nyingine. Na uitunze, mtu mwingine asiionje. Hii dawa ni kali."

"Ndiyo, mwanangu."

Niliitikia kama tunavyoitikia watu wa ofisini, kichwa kinakwenda juu na chini. Kilichoingia kichwani ni neno moja: kali.

Sasa lazima mjue kazi yangu. Mimi nilikuwa nauza ulanzi. Nina mianzi yangu nyuma ya nyumba, mvua zikianza naikata ncha, natega mbeta, ule mwanzi wa kukingia, asubuhi nakuta maji yamejaa. Ulanzi wa siku hiyo tunauita mtogwa, mtamu, hata mtoto anakunywa. Ukilala, kesho yake una nguvu. Ukilala tena, keshokutwa ni mkangafu, huo sasa ni wa wanaume, na wanaume wenyewe wengine wanaokotwa mtaroni. Hakuna aliyeongeza kitu. Kimekaa tu, kimekuwa kikali chenyewe. Nimekua nikijua hivyo, mama yangu naye alijua hivyo: kinywaji kinachokaa chomboni kila siku si kile cha jana.

Siku ya kwanza nikampa mpaka mstari wa tano. Akakunja uso. "Bibi, chungu! Hii wameitengeneza na nyongo ya mbuzi." Baada ya muda akanyamaza, uso ukalainika. Akalala. Akalala, akalala, nikaingia hofu nikamfinya shavu. Akafumbua jicho moja: "Bibi, niache, ndiyo kwanza nimepata nafasi." Kweli, maana miezi miwili alikuwa hajalala usingizi wa maana. Lakini mimi nilishaogopa. Nikaona dawa ya siku ya kwanza, mtogwa, imemlaza hivi. Kesho itakuwaje?

Kesho yake aliamka mzima wa maneno, akaomba kitana. "Kaa chini nikusuke, unatisha." Akaanza upande wa kulia. Mimi nimekaa sakafuni, yeye kitandani, mguu mbaya ameunyoosha juu ya mto. Nikafurahi jamani! Lakini saa ya dawa ilipofika nikanusa chupa, nikaona harufu imebadilika. Haikubadilika, ilikuwa hofu yangu. Nikamvutia mpaka mstari wa nne.

Siku ya tatu nikavuta mpaka wa tatu. Siku ya nne, wa pili. Ndivyo nilivyopanga: dawa inapanda ukali, mimi nashusha kipimo, tunakwenda sawa. Na usiku ile ya mara mbili sikuithubutu kabisa. Kuna jirani yangu, tunaimba naye kwaya, akaniongezea hofu. Aliniambia, "Dada, hiyo ndiyo wanayopewa wa kufa. Ukimpa sana unamfungulia mlango mwenyewe." Hakuwa na ubaya, alikuwa anampenda yule mtoto. Basi nikaanza kumpa akilia tu. Asipolia nasema, haya, leo tumeokoa kidogo.

Na yeye akaanza kulia. Kwanza kidogo, halafu akawa analia kwa kunyamaza, ameuma pindo la khanga. Siku ya tatu hiyo hiyo aliacha kusuka. "Bibi, mkono umechoka." Mkono! Nikajua ugonjwa umepanda. Kila nikimwona anajikunja nasema, umepanda tena, na dawa nayo imepanda, nitafanyaje mimi katikati ya vitu viwili vikali? Nilikuwa naamka nakwenda kuinua chupa kwenye mwanga, naiangalia kama mtu anayeangalia nyoka kwenye kopo. Wateja wa ulanzi wakaniambia, "Bibi, leo umetupa maji," maana nilikuwa nachota bila kuangalia.

Siku ya nane nikafunga chupa kwenye upindo wa kitenge, tumboni, nikamwachia jirani mtoto. "Nakwenda Njombe, nitarudi mchana."

Mtoto akaniita. "Bibi, funga kitambaa vizuri. Watasema nimekusuka vibaya."

Nilipata lifti kwa mtu wa Tanga, mfanyabiashara pale Makambako, mwenye lori lake na duka lake la vitu. Mwislamu mwema, swala haimpiti, na kila akiniona ananichokoza. "Panda, Mama Mkangafu. Ila siku ya kiyama usiseme tunajuana." Nami namwambia, "Nitasema ulinibeba mimi na mbeta zangu." Siku hiyo nilipanda tu, nikashika chupa tumboni. Akaniangalia, akakanyaga mafuta.

Hospitali nikaambiwa muuguzi yuko chumba cha upasuaji. Nikasubiri. Ukungu wa Njombe ukaja ukaingia mpaka kwenye baraza, tukawa tunaonana nusu nusu. Saa tatu, saa nne, saa tano. Kila mlango ukilia nainuka. Wale wanawake waliocheka nywele zangu wakaitwa mmoja mmoja, wakaondoka. Karibu saa sita ndiyo akatokea.

Nikaitoa chupa kwenye upindo kwa mikono miwili, kama mtoto anayepeleka daftari kwa mwalimu akijua amepata zote. "Angalia, mwanangu. Nimebana. Imebaki nusu."

Akaishika, akaisogeza dirishani kwenye mwanga. Akainamisha, akainua. Hakunisifia.

"Mama, hii ilitakiwa iwe imekwisha."

"Ndiyo, ila nimeitunza."

"Mtoto yukoje?"

"Analia. Ugonjwa umepanda sana."

"Leo asubuhi umempa kiasi gani?"

"Leo sijampa. Si ulisema nije na chupa? Chupa ninayo hapa."

Akavuta kiti akakaa, magoti yake yakagusana na yangu. Akasema taratibu, "Niambie ulivyokuwa unampa, tangu siku ya kwanza." Nikamwambia yote. Mtogwa siku ya kwanza, mkangafu siku ya tatu, mstari wa nne, wa tatu, wa pili. Nilimwambia kwa kujiamini, namwelekeza mtoto wa watu biashara yangu. Nikategemea atacheka au atanigombeza. Hakufanya vyote viwili. Kwao Lupingu ni ziwani, lakini ulanzi aliujua, akanielewa haraka kuliko daktari yeyote angenielewa.

"Mama, hii haichachi."

"Haichachi?"

"Haichachi. Ya siku ya kwanza na ya siku ya saba ni ile ile. Haiwi mkangafu. Na ukali niliokuambia, kipimo chake kimeshapigiwa hesabu kwa uzito wa mtoto wako. Mstari wa tano haumfungulii mlango wowote. Unamwondolea maumivu tu."

"Kwa hiyo ugonjwa..."

"Ugonjwa upo. Lakini analia kwa sababu hapati dawa."

Nilinyanyuka, sijui nilikuwa nakwenda wapi. Kitambaa kikaanguka. Nilisema, "Ninarudi, ninarudi sasa hivi," kama vile mtoto yuko chumba cha pili. Muuguzi akaokota kitambaa, akanigeuza kama mtu anavyomgeuza mdogo wake, akanifunga kichwa changu kilichosukwa nusu, akakaza fundo. "Mimi ndiye nilikosea," akasema. "Nilikuambia mistari, sikukuuliza umeelewa nini." Akanirudishia chupa. "Ondoka na hii uliyonayo, usisubiri sahihi ya nyingine, daktari yuko kwenye mkutano. Ukifika tu mpe mpaka wa tano. Halafu fuata saa. Uje baada ya siku tatu, kabla haijaisha, nitakuwa nimeshamfuata daktari atie sahihi."

Sasa njoo uone safari. Mabasi ya kutoka Songea yalikuwa yameshapita. Mtu wa Tanga akanichukua, lakini alikuwa hajapakia. Njiani akakata kushoto, tukaingia kijiji kimoja kuchukua viazi, magunia ya lumbesa, yale yaliyoshonewa kofia juu mpaka yanakuwa marefu kama mtu. Mvua inanyesha. Vijana wanabeba wawili wawili, wanateleza, wanaweka chini, wanacheka, wanaanza upya. Mimi nimekaa mbele, chupa tumboni, nasikia ina joto kama inaishi. Nikawa nawaza: sasa hivi ameuma pindo la khanga. Sasa hivi jirani anamwimbia, na yeye hataki kuimbiwa. Na dawa iko hapa, kwenye upindo wangu, inaangalia watu wanapakia viazi.

Nikashuka kwenye matope. "Baba, magunia mangapi bado?"

"Kama ishirini, mama. Ingia ndani, unalowa."

Nikafungua upindo nikamwonyesha chupa. "Mtoto wangu hajapata hii tangu jana. Nilikuwa namnyima mwenyewe, kwa ujinga wangu. Kila gunia linalopanda, yeye anaumia."

Mtu wa Tanga akaangalia chupa, akaniangalia mimi, maji yananitiririka, na kile kichwa changu. Hakunichokoza. Akapiga kelele, "Wekeni chini! Hayo mengine nitayafuata kesho." Mwenye viazi akaanza kulalamika, eti vitalowa, eti tulipatana. "Vifunike! Viazi havilii," akasema, akawasha gari.

Njiani nikamweleza kwamba dawa inakwenda kwa saa, na mimi saa sina. Makambako hakunishusha njia panda. Alisimama dukani kwake, akaingia mbio akatoka na kitu kwenye mfuko, akanipeleka mpaka mlangoni Kitandililo, na lori lile kwenye njia ile ya matope, sijui alipitaje. Akanipa mfuko. "Umesema hata saa huna. Chukua, ni ya mtoto."

Nilimkuta amelala ubavu, uso ukutani. Jirani yangu macho mekundu. Mtoto hakugeuka. Nikavuta dawa kwa haraka, matone mawili yakamwagika nikataka kuyalamba sakafuni. Mpaka mstari wa tano. "Meza, mama yangu. Meza." Ninapombembeleza namwita mama yangu, maana amerithi sura ya mama yangu.

Halafu tukakaa. Hakuna kusubiri kulikonichosha kama kule. Nikafungua ule mfuko, kumbe saa ya mezani, zile zenye picha ya kuku ndani, na kuku anadonoa chini kila sekunde, tik, tik, tik. Nikaiweka dirishani. Jirani yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, umempa yote hiyo?" Nikamwambia, "Nimempa yake." Lakini moyoni bado nilikuwa naogopa, nisiwadanganye. Hofu ya wiki nzima haitoki kwa maneno ya mara moja. Nilikuwa naangalia kifua chake kama kinapanda na kushuka.

Kuku akadonoa, akadonoa. Mabega ya mtoto yakashuka kidogo. Vidole vikaachia khanga. Halafu ikatoka sauti ukutani, bado hajageuka:

"Bibi, huyo kuku anakula nini siku zote?"

Nikacheka nikalia. Jirani yangu akatoka nje.

Jioni, dawa ya pili imeshaingia, nikamwambia. Sikutaka kumficha. "Nilikuwa nakupunguzia dawa. Nilidhani inakuwa kali kama ulanzi. Nimekuumiza mimi."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilikuwa naona namba. Tano, nne, tatu, mbili. Mimi si nasoma?" Akageuka akaniangalia. "Nilidhani dawa inaisha, na wewe hutaki niseme."

Niwaambie ukweli, katika yote ya miezi ile, hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Mimi nilikuwa nambania kwa kumwogopea, na yeye alikuwa ananyamaza kwa kunihurumia, tumekaa chumba kimoja.

Baada ya hapo alikuwa yeye mwenye saa. Mimi saa sikuijua vizuri, shule yangu iliishia darasa la pili. Yeye alinifundisha: mkono mfupi ukiwa hapa, Bibi, unaleta bomba. Nikichelewa kidogo kwa wateja nasikia, "Bibi! Kuku anakuita!" Wateja wakazoea, wakawa wananiambia nenda, tutajichotea. Na walijichotea kweli, wale wezi. Tumbo lilimfunga kwa ile dawa, muuguzi akatupa nyingine ya tumbo, na mapapai nikaagiza kwa watu wa treni. Kila wiki nilikwenda Njombe. Mara mbili nilikuta kufuli zimefungwa na mwenye funguo yuko semina, nikakaa barazani mpaka akarudi, roho mkononi, nahesabu vipimo nilivyoacha nyumbani. Hofu haikuniacha. Ila ilibadilika, sasa niliogopa dawa kukosekana.

Upande wa kushoto aliumaliza kwa siku nne, mstari mmoja mmoja, anapumzika. Haukunyooka kama wa kulia. "Usitingishike," ananiambia, na anayetingishika ni yeye. Aliposuka wa mwisho akanipa kioo. "Sasa nenda Njombe, waone."

Mama yake alikuja kutoka Matamba na mtoto mgongoni, akamkuta anaongea. Wakakaa pamoja wiki mbili na siku kadhaa. Mianzi ilikuwa imeanza kukauka, mbeta zinatoa tone moja moja. Mjukuu wangu alituacha mchana, kati ya dawa ya saa nne na ya saa nane, kichwa mapajani kwa mama yake, khanga haikuwa mdomoni. Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe cha uji. Kuku aliendelea kudonoa, nikamgeuza akaangalia ukuta.

Baada ya matanga nikafunga chupa kwenye upindo nikaenda kuirudisha, maana dawa ile haiachwi nyumbani. Ukungu ulikuwepo, na benchi lilikuwa na wanawake wengine. Muuguzi akanipokea kwa mikono miwili, "Kamwene, mama," akanisalimia Kibena, na yeye si Mbena. Akaichukua chupa akaisogeza dirishani. Akaniuliza ni siku gani, saa ngapi. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akaangalia tena dawa ilipofikia.

"Ni sawasawa, mama," akasema. "Hakuna hata tone ulilombania."

Halafu akaangalia kichwa changu. Kitambaa sikufunga siku ile.